MASHINE INAYOTAZAMA UBONGO UKIFANYA KAZI: JE, INASOMA MAWAZO?

Safari hii hatuanzi na ubao, tunaanza na barua. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ametuandikia hivi:

"Dada yangu ana kifafa tangu alipokuwa darasa la sita. Sasa daktari anataka apigwe picha ya ubongo kwenye ile mashine ya sumaku, MRI. Mama amekubali lakini dada amegoma kabisa. Kuna jirani alimwambia eti mashine hiyo inasoma mawazo, na kila siri uliyo nayo inatokea kwenye kioo madaktari wakitazama. Mimi nasoma Fizikia na Baiolojia lakini sikuwa na la kumjibu. Je, ni kweli?"

Asante kwa barua, mdogo wetu. Jibu fupi ni hapana, siri za dada yako ziko salama. Lakini jirani yenu naye hakuokota maneno hayo jalalani. Ipo aina moja ya picha ya MRI ambayo kweli inaonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi wakati huu, na inaionyesha upesi, picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde mbili au tatu. Hiyo ndiyo iliyozaa uvumi. Basi tuisome taratibu. Chukua daftari, maana humu mna Fizikia, Kemia na Baiolojia kwenye sufuria moja.

UBONGO NI MLAJI

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, pungufu kidogo. Ukilinganisha na mwili mzima, hiyo ni kama asilimia 2 tu. Lakini kwenye chakula ubongo hauna aibu: unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Na hauna ghala la maana. Misuli ina akiba yake, ini lina akiba yake, lakini ubongo unangoja damu ilete oksijeni na sukari dakika hadi dakika. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zinaanza kufa.

Sasa, je, damu inagawiwa sawasawa ubongo mzima kila wakati? Hapana. Sehemu inayofanya kazi inaongezewa. Jambo hili lilianza kuonekana zamani sana, huko Italia, katika miaka ya 1870. Mtaalamu mmoja wa mji wa Turin, Angelo Mosso, alikuwa akimchunguza mkulima aitwaye Bertino, ambaye aliumia kichwani hata kipande cha fuvu kikaondoka. Kupitia tundu lile Mosso aliweza kupima mapigo ya ubongo wenyewe. Siku moja kengele za kanisa zikalia saa sita mchana. Mapigo ya ubongo yakapanda ghafla, ya mkononi yakabaki vilevile. Mosso akamuuliza kama kengele ile imemkumbusha sala. Yule bwana akajibu ndiyo, na mapigo yakapanda tena!

Ila huwezi kutoboa fuvu la kila mtu ili umwone anawaza. Ilihitajika njia ya kutazama bila kisu.

CHUMA NDANI YA DAMU

Unakumbuka himoglobini? Ni ile protini nyekundu ndani ya chembe nyekundu za damu, inayobeba oksijeni. Katikati yake kuna chuma. Mwaka 1936, wanakemia wawili wa California, Linus Pauling na Charles Coryell, waligundua jambo la ajabu kidogo. Himoglobini iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku, kidogo sana. Himoglobini iliyokwisha kushusha oksijeni huvutwa na sumaku. Damu ileile, mwili uleule, tabia mbili.

Ugunduzi huo ukakaa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuleta faida hospitalini. Kisha mwaka 1990 Mjapani mmoja, Seiji Ogawa, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani (maabara za kampuni ya simu, fikiria!), alipiga picha za ubongo wa panya. Panya alipovuta hewa ya kawaida, mishipa ya damu ilionekana kama mistari myeusi. Alipopewa oksijeni tupu, mistari ikafutika. Ogawa akaelewa kwamba damu yenyewe imekuwa wino. Hakuna haja ya kumchoma mtu sindano ya dawa ya rangi. Mwaka 1991 kikundi kimoja cha Boston kiliwahi kuchora ubongo ukitazama mwanga kwa kuchoma sindano ya madini ya gadolini. Ilifanya kazi, lakini sindano haziwezi kurudiwa rudiwa siku nzima kwa mtu mmoja.

Hapa kuna mtego ambao hata wanafunzi wa chuo huuingia. Ungefikiri sehemu ya ubongo ikifanya kazi inakula oksijeni nyingi, kwa hiyo damu ya pale inabaki na oksijeni kidogo. Kinyume chake! Mwili wetu una tabia ya mama mwenye nyumba mkarimu. Wageni wakija watatu, yeye anapika wali wa watu kumi. Seli zikianza kazi, mishipa inatanuka na damu mpya inaingia kwa wingi kuliko mahitaji. Oksijeni inabakia, kama wali ule. Kwa hiyo mahali penye kazi panakuwa na damu yenye oksijeni nyingi zaidi, ile isiyosumbua sumaku. Picha ya mahali hapo inang'aa zaidi kidogo.

PIA, REDIO NA KWAYA

Tuingie kwenye mashine yenyewe. Mwili wako kwa sehemu kubwa ni maji, na maji ni haidrojeni na oksijeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, na kila protoni ni kama kisumaku kidogo kinachoyumba kama pia inayozunguka. Kwa kawaida vinaelekea huku na huku bila mpango. Ukiingizwa kwenye MRI, vinajipanga.

Sumaku ile si ya mchezo. Nguvu yake hupimwa kwa tesla, na mashine nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Ile ya tesla 3 ina nguvu kama mara 60,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira yako.

Kisha mashine inatoa mawimbi ya redio. Sio kila wimbi linafaa, ni lazima ulenge stesheni yenyewe, kama unavyotafuta idhaa. Kwa tesla 1.5 stesheni ya protoni iko karibu na megahezi 64, na kwa tesla 3 iko karibu na 128. Ukitazama redio ya FM nyumbani utaona namba 88 hadi 108. Basi protoni za kichwani mwako ziko jirani tu na vituo vya taarabu na bongo fleva, moja kushoto nyingine kulia. Protoni zikipokea wimbi hilo zinainama pamoja, halafu zinaanza kutoa wimbi lao wenyewe. Hilo ndilo mashine inalolisikiliza. Hakuna eksirei hapa, wala mionzi ya hatari ya aina ile.

Sasa fikiria kwaya. Wote wakiimba kwa pamoja, sauti inafika mbali. Mtu mmoja akikaa pembeni na kupiga debe ovyo, walio karibu naye wanapoteza mapigo na sauti ya kwaya inafifia. Himoglobini isiyo na oksijeni ndiye huyo mpiga debe. Inavuruga sumaku kwa jirani zake, protoni zinaachana mapigo, na wimbi linakufa mapema. Penye damu yenye oksijeni kwaya inaimba muda mrefu zaidi. Tofauti ni ndogo, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 5 tu, lakini inapimika.

Bado swali: mashine inajuaje wimbi limetoka kisogoni au kwenye paji la uso? Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba ukifanya sumaku iwe na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, protoni za upande huu zitaimba sauti ya juu kidogo na za upande ule sauti ya chini. Kwa sauti unajua mahali.

HARAKA INATOKA WAPI?

Hapa ndipo penye utamu wa somo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Picha za kwanza za MRI zilikuwa za kuchosha. Mwezi Julai 1977, Raymond Damadian na wenzake huko New York walipiga picha ya kifua cha mtu mzima aliye hai. Iliwachukua muda wa karibu saa tano kwa slesi moja! (Picha ya MRI hukatwa kama mkate, slesi kwa slesi.) Hata zilipoboreshwa, kanuni ilikuwa ileile: piga wimbi, sikiliza mstari mmoja, subiri protoni zitulie, piga tena. Kama picha ina mistari 128 na kila mstari unasubiri sekunde 2, piga hesabu mwenyewe. Sekunde 256, zaidi ya dakika nne. Kwa goti au uti wa mgongo, sawa. Lakini wazo linakuja na kuondoka kwa sekunde. Ni kama kutaka kumpiga picha mshambuliaji akifunga goli kwa kamera inayohitaji asimame dakika nne.

Mtu aliyetatua jambo hili ni Peter Mansfield wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, mwaka huohuo wa 1977. Ili kumwelewa, mfikirie mkulima mwenye plau ya ng'ombe. Njia ya zamani ni kulima mfuo mmoja, kuwafungua ng'ombe, kurudi nyumbani wapumzike, kisha kuja kulima mfuo wa pili. Mansfield alisema: kwa nini tuwafungue? Ukifika mwisho wa shamba, geuza, rudi na mfuo unaofuata, geuza tena, mpaka shamba liishe. Katika mashine maana yake ni hii: piga wimbi moja tu la redio, halafu geuza ile sumaku ya pembeni kulia na kushoto kwa kasi kubwa. Kila ukigeuza, protoni zinarudisha mwangwi, na kila mwangwi ni mstari mmoja wa picha. Mistari 64, kila mmoja nusu ya elfu moja ya sekunde, na slesi nzima imekwisha kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Slesi 30 zinafunika ubongo mzima kwa sekunde mbili au tatu.

Lakini haraka ina gharama. Picha hizi zina ukungu, na karibu na masikio na juu ya pua, mahali penye hewa, zinapinda kama uso kwenye kijiko. Halafu kelele! Mnakumbuka sheria ya Fleming ya mkono wa kushoto? Waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa. Ndivyo spika ya redio inavyofanya kazi. Sasa chukua koili nzito, ipitishie umeme mwingi, geuza mwelekeo mara mamia kila sekunde, ndani ya sumaku ya tesla 3. Mashine nzima inakuwa spika. Inagonga kama watu wanaotengeneza bati, ndiyo maana kila anayeingia hupewa vizibo vya masikio.

Mansfield mwenyewe anastahili aya yake. Aliacha shule akiwa na miaka 15. Aliposema anataka kuwa mwanasayansi wa roketi, mshauri wa kazi alimwona anaota, naye akaishia kazi ya uchapaji na kujalidi vitabu. Alisoma jioni, akapitia jeshini, akarudi kwenye mitihani, hatimaye akaingia chuo kikuu London. Mwaka 1978 mashine yake ya kwanza ya kutosha mtu mzima ilipokuwa tayari, kulikuwa na onyo kwamba sumaku zinazobadilika haraka zinaweza kudhuru moyo. Akaingia yeye mwenyewe. Mwaka 2003 yeye na Lauterbur walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba. Alifariki mwaka 2017.

BOSTON, 1991

Wazo la Mansfield lilikaa miaka mingi bila vyombo vya kulitimiza, maana kugeuza sumaku kwa kasi ile kunahitaji umeme na koili za nguvu sana. Mwaka 1991 mashine zenye uwezo huo zilikuwa za kuhesabu. Moja ilikuwa hospitali kuu ya Massachusetts huko Boston. Mwezi Mei mwaka huo, Kenneth Kwong, mzaliwa wa Hong Kong, aliwalaza watu wa kujitolea na kuwavisha miwani yenye taa zinazowaka na kuzima. Taa zikiwaka, sehemu ya kisogoni ikang'aa kwenye picha. Zikizimwa, ikafifia. Zikiwashwa, ikang'aa tena. Bila sindano hata moja.

Miezi michache baadaye, huko Milwaukee, wanafunzi Peter Bandettini na Eric Wong walipata matokeo kama hayo kwa watu waliokuwa wakigonga vidole. Chuo chao hakikuwa na mashine ya haraka, hivyo Wong alibuni koili na wakaitengeneza wenyewe. Ogawa naye, pamoja na wenzake wa Minnesota, alikuwa kwenye mbio hizohizo. Wote walichapisha mwaka 1992.

Mnaweza kuiga jaribio lao darasani, ingawa bila mashine. Gonga dole gumba la mkono wa kulia kwa vidole vingine, kimoja kimoja, kwa nusu dakika. Pumzika nusu dakika. Rudia mara tano. Ungekuwa ndani ya MRI, ukanda mwembamba juu ya sikio la kushoto kuelekea utosini ungepanda na kushuka pamoja na vidole vyako. Kushoto, kwa sababu ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Lakini haupandi papo hapo. Damu inachelewa, kilele chake kinakuja sekunde 5 au 6 baada ya kazi kuanza. Seli zenyewe zinaongea kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo hata "haraka" yetu hii ni ya kobe mbele ya ubongo. Tunaona moshi, sio moto.

SAMAKI ALIYEKUFA ANAWAZA?

Umeziona zile picha magazetini, ubongo wa kijivu wenye madoa mekundu na ya njano? Rangi hizo hazimo kichwani. Zimepakwa na kompyuta baada ya hesabu. Ubongo hugawanywa vijisanduku vya milimita 3 hivi, na kwa slesi 30 za mistari 64 kwa 64 ni vijisanduku 122,880. Kila kimoja kina seli za neva laki nyingi. Kompyuta inaviuliza vyote: je, wewe ulipanda na kushuka pamoja na kazi? Kinachojibu ndiyo kinapakwa rangi.

Tatizo liko hapo. Chukua wanafunzi 1,000, kila mmoja arushe sarafu mara 10. Inategemewa kwamba mmoja hivi atapata kichwa mara zote 10. Ana kipaji? Hapana, ni bahati tu, kwa sababu mmejaribu wengi. Vijisanduku laki moja na ushee ni wengi mno.

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake huko Marekani waliamua kuwachekesha wenzao ili wawafundishe. Walimweka samaki aina ya samoni ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, wakamtaka aeleze watu hao wana hisia gani. Samaki alikuwa amekufa. Kompyuta, bila kusahihishwa hesabu, ikapaka madoa mekundu ndani ya ubongo wake! Hesabu zilipofanywa inavyotakiwa, madoa yote yakatoweka. Waliocheka walicheka, lakini watafiti wengi baada ya hapo walirudi kwenye daftari zao. Kwa hiyo ukikuta gazeti linasema "wanasayansi wamegundua kituo cha mapenzi kwenye ubongo", mkumbuke samaki.

MSICHANA NA MCHEZO WA TENISI

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwezi Julai 2005, huko Uingereza, mwanamke wa miaka 23 alipata ajali ya barabarani. Miezi mitano baadaye alikuwa anafungua macho, anapumua mwenyewe, analala na kuamka, lakini hakuitikia lolote. Ukimwita, kimya. Ukimwambia ainue kidole, kimya. Kwa vipimo vyote vya kitandani alihesabiwa kuwa hana fahamu.

Adrian Owen na wenzake wa Cambridge wakamweka kwenye MRI ya haraka, wakampa maagizo kwa sauti: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikawaka. Wakamwambia: sasa fikiria unatembea nyumbani kwenu, chumba hadi chumba. Tenisi ikazima, zikawaka sehemu za kukumbuka mahali, zilezile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Alikuwa anasikia. Alikuwa anaelewa. Alikuwa anatii, ndani ya mwili usiosogea. Waliitangaza habari hiyo mwaka 2006.

Mwaka 2010 kundi hilo pamoja na wenzao wa Ubelgiji walieleza habari za wagonjwa 54. Watano waliweza kuwasha ubongo wao kwa kuagizwa. Mmoja alifundishwa: tenisi maana yake ndiyo, nyumbani maana yake hapana. Wakamuuliza maswali sita kuhusu familia yake, na kwa matano alijibu sawasawa. Miaka mitano hakuna aliyekuwa ameongea naye.

Sitaki uelewe vibaya. Wengi katika wale 54 hawakuonyesha kitu, na kutoonyesha kitu hakuthibitishi kwamba mtu hayupo. Lakini tangu nisome habari hiyo, mimi binafsi siwezi kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa aliyezimia na kusema maneno ya ovyo. Hata wewe, ukienda kumwona mgonjwa wa namna hiyo, mwamkie kwanza.

Matumizi ya kila siku zaidi ni ya upasuaji. Mtu ana uvimbe karibu na sehemu ya lugha. Kabla ya kisu, anaingia MRI, anaambiwa ataje maneno kimoyomoyo, na daktari anapata ramani: hapa kata, hapa usiguse. Akikosea, mgonjwa anaamka bila maneno.

TURUDI KWA DADA

Basi dada yako, mdogo wetu, atapigwa picha ipi? Karibu kwa hakika ni ile ya kawaida, ya umbo la ubongo, inayochukua dakika kadhaa kwa kila seti. Haionyeshi unawaza nini wala sehemu gani inafanya kazi. Daktari anatafuta chanzo cha kifafa: kovu la zamani, uvimbe, mshipa uliojikunja vibaya, au vifuko vya tegu wa nguruwe, ambavyo kwetu Afrika Mashariki ni sababu inayojulikana sana ya kifafa. Vingine kati ya hivyo vinatibika. Hilo ndilo analolikosa kwa kugoma. Mapepo hayaonekani kwenye MRI, na wala sio yanayoleta kifafa. Picha ya haraka ya kazi za ubongo angeihitaji tu kama madaktari wangefikiria kumpasua.

Na hata ile ya haraka, inasoma mawazo? Mwaka 2023 watafiti wa Texas walitangaza kompyuta inayojaribu kukisia hadithi ambayo mtu anaisikiliza, kwa kutumia picha za MRI. Ilipata maana ya jumla, mara nyingine vizuri, mara nyingine hovyo. Lakini sikiliza masharti yake. Kila mtu ilibidi alale ndani ya mashine saa 16 kwa jumla akisikiliza hadithi ili kompyuta imzoee. Kompyuta iliyomzoea huyu haikumwelewa yule. Na mhusika akiamua kuhesabu namba au kujisimulia hadithi nyingine kimoyomoyo, inapotea. Mtu asiyetaka hasomwi. Mwaka 2010 mahakama moja ya Tennessee ilikataa kupokea picha za aina hii kama ushahidi kwamba mshtakiwa hasemi uongo, na rufaa ya mwaka 2012 ikakubaliana nayo.

Hatari ya kweli ya mashine hii iko kwenye chuma. Mwaka 2001, hospitali moja katika jimbo la New York, mtungi wa chuma wa oksijeni uliingizwa chumbani mtoto wa miaka sita akiwa ndani ya MRI. Sumaku iliuvuta kama risasi, mtoto akafariki. Kwa hiyo dada akiulizwa maswali mengi mlangoni asiudhike. Avue hereni, vibanio vya nywele, mkanda, sidiria yenye waya, na kama amesukwa kwa kitu chochote cha chuma aseme. Simu na kadi ya benki ziachwe nje, vinginevyo kadi inakufa. Kama ana chuma mwilini kutokana na upasuaji, au ana mimba, amwambie mpiga picha faragha, hata kama mama yupo mlangoni. Ndani atalazwa kitandani, kitanda kitaingia kwenye tundu kama handaki fupi, kelele zitaanza, na mkononi atapewa mpira wa kubonyeza akitaka kutolewa. Asitingishe kichwa. Na dawa zake za kifafa aendelee kuzimeza kama kawaida, asiruke hata siku ya picha, labda daktari wake aseme vingine.

Ninajua kuna wanaosoma hapa ambao MRI ya karibu iko mkoa mwingine, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Mwaka 2022 wahandisi katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, waliunganisha MRI ndogo ya sumaku dhaifu kwa ajili ya watoto wenye vichwa vya maji. Haiwezi kuonyesha kazi za ubongo, lakini haihitaji chumba cha mamilioni, na imefungwa na watu wa hapahapa.

Mwambie dada aende. Nenda naye, mshike mguu (wenye MRI mara nyingi huruhusu msindikizaji aliyekaguliwa vyuma), na baadaye utuandikie.

Kwa klabu za sayansi: pigeni hesabu, ikiwa kila picha ya ubongo mzima inachukua sekunde 2 na jaribio ni la dakika 8, mtakuwa na picha ngapi, na vijisanduku vingapi kwa jumla? Kisha jadilini hili, na msikubaliane haraka: mgonjwa anayejibu kwa tenisi na nyumbani, je, aulizwe kama anataka kuendelea kutibiwa? Nani aulize, na jibu moja linatosha?